Fedha za Geti

Laki mbili na nusu zilikuwa ndani ya bahasha, bahasha ndani ya pochi, pochi ndani ya mkoba, na mkoba umebanwa kwapani. Hata hivyo mshonaji alikuwa ameupapasa mara nne tangu watoke nyumbani, kama mama anayempima mtoto homa. Mkono wa pili ulishika kiganja cha mama mkwe wake. Kilikuwa kiganja chepesi, chenye joto, na kila baada ya hatua kumi kilijaribu kuchomoka.

"Tunakwenda nyumbani?" mama mkwe aliuliza.

"Tunapita dukani mara moja, Mama. Kisha nyumbani."

"Dukani kuna nini?"

"Kuna samaki."

"Mimi sili samaki mchana," alisema mama mkwe, akakunja uso.

Fedha zile hazikuwa za samaki, na hilo ndilo lililomkosesha mshonaji usingizi siku tatu mfululizo. Zilikuwa fedha za geti. Mama mkwe, aliyekuwa dobi wa hospitali kwa miaka thelathini na kulea watoto watano kwa sabuni na maji, sasa akili yake ilikuwa inavuja kidogo kidogo kama ndoo yenye tundu. Asubuhi alikuwa mzima. Ikifika saa kumi alasiri alifunga kitambaa kichwani, akachukua mkoba wake mtupu, akaenda kwenye geti na kusema, "Haya, nirudisheni nyumbani." Geti lenyewe lilikuwa na komeo ambalo hata mbuzi angelifungua. Mara mbili alishafika barabara kuu. Mara ya pili alirudishwa na muuza mikate, amempakia nyuma ya baiskeli katikati ya makreti, Mama ameshika mkate mkononi na anamwelekeza njia isiyo yenyewe.

Ndipo wifi mkubwa wa mshonaji, binti wa kwanza wa Mama, alipopiga mbiu. Ukoo mzima ulimwita Mkaguzi, kwa sababu hakuwahi kuingia nyumba ya mtu bila kupitisha kidole juu ya kabati kuona vumbi. Mkaguzi aliwachangisha ndugu zake kwa wiki mbili, mpaka yule mdogo aliyekuwa hapokei simu akapokea. Fundi wa vyuma alisema laki mbili na nusu: kufuli la ndani, vyuma vya juu, na bawaba mpya. Fedha zikatumwa kwa mshonaji, na ujumbe nyuma yake: "Wifi, hizi ni za geti. Nataka risiti."

Siku iliyofuata mshonaji alimpeleka Mama kliniki. Foleni ilikuwa ndefu. Kwenye ukumbi wa kusubiri kulikuwa na tangi la samaki, na mama mkwe akakalishwa mbele yake. Alikaa saa mbili nzima, mikono juu ya magoti, macho yakifuata mkia mwekundu huku na kule. Hakuulizia nyumbani hata mara moja.

"Wengi hutulia hapo," nesi alisema, akipita na mafaili. "Mkiweza, wekeni katangi kadogo nyumbani."

Nesi alisema hivyo kama mtu anavyokushauri uongeze chumvi, lakini mshonaji aliyachukua maneno yale kama dawa iliyoandikwa. Nyumbani alikuwa na kaptura themanini za sare za shule, mwenye oda anapiga simu kila asubuhi, na kila siku ifikapo saa kumi cherehani inasimama na yeye anakwenda kubembeleza getini mpaka giza liingie. Alijiambia anataka samaki kwa ajili ya Mama. Moyoni alijua si kwa ajili ya Mama peke yake, na kulijua hilo kulimchoma.

Alimpigia mumewe, dereva wa lori, aliyekuwa safarini wiki ya pili.

"Umemwambia dada?" mume aliuliza.

"Bado."

"Basi mimi sijasikia kitu," alisema, na simu ikakatika. Mshonaji hakujua kama ni mtandao au ni woga.

Basi alikaa akapiga hesabu nyuma ya karatasi ya kukatia vitambaa. Tangi la kioo elfu sitini. Samaki elfu kumi. Chakula cha samaki elfu tano. Mengineyo elfu tano. Jumla elfu themanini. Ingebaki laki moja na sabini, na fundi wa vyuma angebembelezwa apunguze, aache vile vyuma vya juu, kwani Mama si mwizi wa kuruka ukuta. Alipitia hesabu ile mara tatu, ikakubali mara tatu. Akaikunja, akaitia mkobani pamoja na bahasha.

Duka la samaki wa mapambo lilikuwa kati ya kinyozi na duka la dawa. Ndani palikuwa na giza la kibuluu, na matangi yamepangwa mpaka darini, kila moja na pampu yake inayonguruma. Mwenye duka alikuwa mtu mnene mwenye miwani inayoning'inia kifuani. Wenzake wa mtaani walimwita Profesa, kwa kuwa ukimuuliza saa anakueleza kwanza saa inavyotengenezwa.

Mshonaji alimkalisha mama mkwe kwenye stuli mbele ya tangi kubwa kuliko yote, akamwekea mkoba wake mtupu mapajani. Mama alitazama. Akatulia. Mshonaji akashusha pumzi, akaenda kaunta na kukunjua karatasi yake.

Profesa aliisoma, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena.

"Dada, hii ni bajeti ya kitoweo."

"Kwa nini?"

"Samaki ndio rahisi kuliko vyote. Ni kama mtoto: kumzaa hulipii, kumlea ndiyo shughuli. Maji yao yanachafuka, nani anayasafisha? Yanahitaji kichujio. Maji ya bomba yana dawa ya kuulia vijidudu, na samaki pia itamuua. Unahitaji nyingine ya kuiondoa." Akachukua kalamu, akaanza kuandika, na kila alichoandika alikisema kwa sauti. "Tangi la lita sitini na mfuniko, elfu tisini. Kichujio, thelathini na tano. Dawa ya maji, kumi na mbili. Taa, kumi na nane. Hita, ishirini na mbili. Vipimo vya maji, ishirini na tano. Kokoto kilo kumi, elfu nane. Wavu na mpira wa kunyonyea uchafu, kumi."

"Kaka, subiri kidogo."

"Bado stendi. Utaliweka wapi?"

"Juu ya kabati la vyombo."

"Lita sitini ni kilo sitini. Jumlisha kioo, jumlisha kokoto. Unaweka mtu mzima mwenye mwili wake juu ya kabati, anakaa hapo usiku na mchana, hashuki. Kabati lako litastahimili?"

Mshonaji aliliona kabati lake, miguu yake minne myembamba, mmoja umetiliwa kipande cha boksi. Aliona kioo kinapasuka, maji yanaingia chini ya cherehani, kwenye kaptura themanini.

"Stendi, elfu sitini," Profesa aliendelea. "Chakula, tano. Samaki sita wadogo, elfu tatu tatu, kumi na nane. Jumla..." Alipiga mstari. "Laki tatu na elfu tatu. Na samaki hawaingii leo. Unajaza maji, unawasha kichujio, unasubiri wiki nne maji yakomae, yawe salama kwao."

"Wiki nne tangi liko tupu?"

"Tupu. Ukiharakisha, utazika."

Mshonaji aliangalia ile namba. Fedha za geti zote zingeondoka, na elfu hamsini na tatu juu yake, halafu Mama angetazama maji matupu mwezi mzima huku geti likifunguliwa na mbuzi. "Tuanze kukata," alisema, sauti imekauka. "Hita. Nyumba yetu ina joto, chini ya bati. Ya nini?"

"Kwa samaki nitakaokupa, unaweza kuishi bila hita," Profesa alikubali kwa shingo upande.

"Na taa. Tutaweka karibu na dirisha."

"Karibu, lakini jua lisipige moja kwa moja, maji yatageuka kijani."

"Na hivi vipimo..."

Aligeuka kumwangalia Mama, kwa mazoea tu, kama alivyokuwa akigeuka kila dakika nyumbani.

Stuli ilikuwa tupu. Mkoba ulikuwa sakafuni.

"Mama?"

Pampu zilinguruma. Mshonaji alichungulia nyuma ya rafu ya kwanza, ya pili. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, jua linawaka nje. Hakumngoja Profesa amalize kuuliza kuna nini. Alitoka mbio, karatasi ya hesabu bado iko mkononi.

Kwa kinyozi, watu wawili wenye sabuni kidevuni walitikisa vichwa. Kwenye duka la dawa hakuna. Kituo cha basi kilikuwa ng'ambo ya barabara; alivuka bila kutazama, dereva akampigia honi na kumtukana, hakusikia. "Mmemwona mama mmoja mtu mzima, kitambaa cha njano kichwani?" Muuza vocha alisema amemwona, kapanda basi. Muuza maji alisema yule wa basi alikuwa na kitambaa chekundu. Profesa naye alikuwa ametoka, amekimbilia upande wa pili kwa mwendo wa mtu asiyekimbia tangu ujana, miwani ikimpigapiga kifuani.

Mshonaji aliingia kichochoro kimoja, akatokea kwenye kingine. Kila kitambaa cha njano kilimpandisha roho na kuishusha. Aliwaza mtaro uliokuwa wazi nyuma ya kituo cha basi. Aliwaza malori. Aliwaza maneno atakayomwambia mumewe, na kwamba mumewe asingemlaumu, na hilo lingekuwa baya zaidi.

Simu ikaita. Alidhani ni mtu kampata Mama, akaipokea bila kusoma jina.

"Wifi," sauti ya Mkaguzi ilisema. "Fundi wa geti kashaanza?"

"Anakuja... kesho."

"Kesho? Mbona unahema?"

"Natembea."

"Na Mama uko naye?"

Mshonaji alisimama katikati ya njia. Watu walimpita kushoto na kulia. "Ninaye. Yuko dukani hapa, anaangalia samaki."

"Samaki gani?"

"Samaki tu."

"Wabichi au wakavu? Mnunulie wabichi, wakavu wana chumvi, presha itapanda. Hebu nipe nimsalimie."

"Wifi, simu inaisha chaji."

"Mpe nusu dakika tu."

Alibonyeza kitufe chekundu. Njia ya mwongo ni fupi. Aliona mwisho wake pale pale. Miaka kumi na moja katika ukoo ule, hakuwahi kumkatia wifi yake simu.

Alizunguka mtaa mzima mara ya pili. Mwishowe alirudi dukani kwa sababu hakujua pengine pa kwenda, na kwa sababu mkoba wa Mama ulikuwa bado sakafuni, na wazo la mtu kuukanyaga lilimuuma kupita kiasi. Aliinama kuuokota. Akiwa ameinama, chini ya ngurumo za pampu, akasikia sauti nyingine: chwaa, chwaa, chwaa. Na juu ya sauti ile, mtu anafoka.

"Hiyo bado! Unaita hiyo safi? Mwaga, teka mengine."

Nyuma ya kaunta kulikuwa na pazia la plastiki ambalo alikuwa ameliona na kulidhania ukuta. Alilisukuma. Palikuwa na ua mdogo wa saruji, bomba, na mabeseni matatu. Mke wa Profesa alikuwa amechuchumaa kwenye beseni moja. Kwenye la pili alikuwa mama mkwe, mikono ya gauni imekunjwa mpaka juu ya viwiko, kitambaa cha njano kimelegea, amezamisha mikono katika kokoto na anazisugua kama mtu anayefua shuka la mgonjwa. Maji yalitoka ya rangi ya matope. Aliyamwaga, akateka mengine, akaanza upya.

"Mama," mshonaji alisema. Akakaa kwenye kizingiti.

Mama mkwe alimtazama kwa jicho la mnyapara. "Umechelewa. Zamu imeanza saa nane."

"Alikuja akaniambia nimpe kazi," mke wa Profesa alisema, akiwatazama kwa zamu. "Nikadhani ni mteja anapoteza muda. Kwani kuna nini? Dada, mbona unalia?"

Profesa alirudi baadaye, shati limelowa, akamkuta mshonaji bado kizingitini na Mama yupo beseni la tatu. Alikunywa maji. Halafu alichukua ile karatasi ya bei na kalamu, akaketi naye chini, na kwa mara ya kwanza siku ile hakutoa somo. Alifuta hita. Alifuta taa. Alifuta vipimo: "Utaniletea maji kwenye chupa kila wiki, nitakupimia bure." Alifuta stendi na kuandika matofali sita ya saruji na ubao mnene, elfu kumi na tano, kwa jirani yake muuza vifaa vya ujenzi. Samaki akawaandika pembeni, walipwe watakapoingia. Kwenye kokoto alisita.

"Zilizooshwa ni elfu nane. Zisizooshwa, za kwenye gunia, ni tatu."

"Nipe zisizooshwa," mshonaji alisema.

Jumla ikawa laki moja na sabini. Profesa aliutazama ule ua, akamtazama mkewe, akaandika laki moja na hamsini. Mshonaji alizihesabu noti.

Jumamosi Mkaguzi alikuja. Mshonaji alimsikia akikung'uta lile komeo la geti, mara moja, mara mbili, kisha kimya. Alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi, lakini wifi yake alipoingia tu sebuleni na kuona tangi la maji matupu juu ya matofali, limejaa mapovu, maneno yote yalimtoka kichwani.

"Wifi, hiki ni nini?"

"Ni fedha za geti."

Akamweleza. Hakuacha kitu: kliniki, hesabu ya elfu themanini, stuli tupu, kitambaa chekundu, simu. Alipofika kwenye simu hakumtazama usoni. Mkaguzi alisikiliza amesimama, mkoba begani, kama mtu aliyekuja kudai kodi.

"Kwa hiyo niliposema nimsalimie, hukujua aliko."

"Sikujua."

"Nilikuwa naongea habari ya samaki wakavu, na mama yangu amepotea."

"Ndiyo, wifi."

Mkaguzi alikaa. Mshonaji alitamani atukane, lipite. "Fedha utaniambia baadaye," alisema mwishowe, taratibu. "Fedha nilishakasirika tangu nione geti. Lakini usinifiche Mama. Hata ukiwa umemwangusha kisimani, nipigie simu kwanza, ndipo ulie. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Yuko wapi?"

Alikuwa uani. Tangu Jumatano, ikikaribia saa kumi, mshonaji alimwekea mabeseni mawili na kokoto za nusu gunia, na Mama aliosha. Siku ya kwanza alisahau kuliendea geti kabisa. Siku ya pili aliliendea, akarudi, maana kazi ilikuwa haijaisha. Usiku mshonaji alizichanganya kokoto na udongo kidogo, huku anaona haya.

Mkaguzi alisimama mlangoni kumtazama mama yake. Alifungua mdomo kusema jambo, pengine kwamba mama mwenye watoto watano hapaswi kufulishwa mawe.

"Wewe," mama mkwe alisema, bila kujua anasema na mwanawe wa kwanza. "Vua saa hiyo, itaingia maji. Kaa hapa."

Mkaguzi alivua saa. Aliosha kwa nusu saa, na aliambiwa mara tatu kwamba bado. Aliporudi ndani gauni lilikuwa limelowa mpaka magotini na macho yamekuwa mekundu. Alimpigia fundi wa vyuma mwenyewe, akabishana naye mpaka fundi akakubali elfu tisini na tano kwa kufuli na bawaba tu, bila vyuma vya juu. Aliandika yote kwenye daftari lake: tangi, matofali, kokoto, kufuli. "Risiti za tangi ziko wapi?" aliuliza, na mshonaji akazileta.

Kufuli liliwekwa Jumatatu. Samaki waliingia baada ya wiki nne na siku mbili, kwa sababu maji ya kwanza aliyoyapeleka kupimwa Profesa aliyakataa, na wiki ile mshonaji hakulala vizuri. Walikuwa sita, wadogo kama kucha, wenye mstari wa fedha ubavuni. Mama mkwe aliwekewa kiti mbele yao. Aliwatazama kama dakika kumi.

"Wazuri," alisema. Kisha akainuka kwenda kutafuta beseni lake.

Nesi hakukosea, ila hakusema ni nani wa kutulia. Baada ya oda ya kaptura kupelekwa, siku mbili nyuma ya ahadi, ni mshonaji aliyejikuta anakaa pale kila Mama akilala mchana, mikono juu ya magoti, akihesabu mikia. Si kila siku ilikuwa njema. Zilikuwepo siku Mama alipoyasukuma mabeseni na kulishika geti kwa mikono miwili, analia anataka kwao, na kufuli likakataa, na mshonaji akasimama naye pale mpaka giza, maana kufuli lilijua kuzuia tu. Lakini zilikuwa chache kuliko zamani.

Mkaguzi alianza kupiga simu kila jioni.

"Mama?"

"Amekula, amelala."

"Geti?"

"Nimefunga."

"Samaki wangapi?"

"Watano."

"Jana walikuwa sita."

"Mmoja amekufa asubuhi, wifi. Sijui nimekosea wapi. Maji yalipimwa, chakula niliwapa kidogo kama nilivyoambiwa."

"Mama kajua?"

"Hajajua." Mshonaji alijifuta pua kwa kiganja. "Ni mimi tu ndiye nimelia."

Upande wa pili ikasikika sauti ya daftari linafunuliwa. "Basi acha kulia," Mkaguzi alisema. "Kesho kachukue wawili. Mmoja peke yake atakuwa mgeni."